Mwaridi wa Nasma

Jumuiya ya Matogoro ina desturi yake. Wanapokutana jioni kusali, kila mtu hutaja jina la mtu mmoja ambaye angependa kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Wapo wanaotaja padri aliyewabatiza, wapo wanaotaja mjomba aliyeko Dar es Salaam, hasa kama mjomba ametuma kitu wiki hiyo. Lidwina Mapunda hutaja jina lilelile mwaka nenda mwaka rudi: Kassimu. Mara ya kwanza mwenyekiti wa jumuiya alikohoa, akamkumbusha kwa upole kwamba huyo Kassimu ni Mwislamu wa Tunduru, na tena hapa hakuna anayemfahamu.

"Mungu anamfahamu," Lidwina akajibu, akaendelea na rozari yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyekohoa tena.

Lidwina, ambaye majirani humwita Mama Anord kwa jina la mwanawe wa kwanza, ni mama mfupi mwenye mikono iliyochanwachanwa na miba. Anauza miche ya mawaridi kando ya nyumba yake, pale njia inapoanza kupanda kuelekea milimani. Ukipita asubuhi utamkuta amechuchumaa kati ya makopo, wembe mkononi, akiongea na miche. Akikusikia unamcheka atakwambia kwamba miche hiyo imemsomeshea watoto watatu, na wewe je, wako wamesomeshwa na nini? Ni kweli kabisa. Anord, Violeth na Goodluck wamevaa sare na kulipiwa ada kwa mawaridi. Na mawaridi hayo, toka la kwanza hadi la mwisho, chanzo chake ni Mzee Kassimu.

Walikutana mwaka 1981, katika nyumba ya wageni ya shirika moja la umma kule Mjimwema, Songea. Miaka ile sabuni ilipangiwa foleni tangu alfajiri, na mtu aliyepata kilo ya sukari aliificha kwenye kanga kama anayebeba kitoto kichanga. Lidwina aliajiriwa kufagia na kufua mashuka. Kassimu alikuwa mtunza bustani, mwanamume mrefu, mkavu, mwenye kofia nyeupe isiyopata doa hata siku ya kumwaga mbolea. Siku ya kwanza alimtazama mfagiaji mpya toka kichwani hadi miguuni, akasema:

"Mmeniletea Mngoni? Basi nihesabieni majembe yangu kabisa."

"Shikamoo mzee," Lidwina akamwamkia. "Majembe yako sina haja nayo. Mimi nimekuja kuchukua nyumba nzima."

Wayao na Wangoni ni watani wa siku nyingi, na utani ukianza vizuri namna hiyo watu huwa wamekwisha kuwa ndugu. Kassimu alicheka mpaka akavua kofia.

Katikati ya bustani ile palikuwa na mwaridi mmoja uliopita miwaridi mingine yote. Maua yake yalikuwa mekundu ya kuelekea weusi, mazito, na harufu yake iliingia mpaka chumba cha kufulia. Lidwina aliutamani sana. Alikata kijiti kimoja kwa siri, akakichomeka nyumbani kwake Matogoro kama anavyochomeka muhogo. Kikakauka. Akakata cha pili, kikakauka. Alipokuwa anakata cha tatu alisikia mtu anapumua nyuma yake.

"Mngoni gani wewe," Kassimu alisema, "hata kuiba hujui."

Hakumpeleka kwa meneja. Alimwambia aache ufagio, achuchumae. Akamwonyesha shina la mwaridi ule pale chini kabisa, karibu na udongo, penye kifundo kama goti. Chini ya kifundo, alisema, ni mmea mwingine kabisa: ni mwaridi wa uzio, ule wa maua meupe madogo yasiyo na maana, unaoota kwenye uzio wa kila mtu na ambao hata mbuzi ameukinai. Mizizi yake haiogopi mchanga, haiogopi udongo mwekundu wa Matogoro, haiogopi kiangazi. Mwaridi mwekundu peke yake mguu wake ni dhaifu, ukiuchomeka unakufa. Lazima ubebeshwe. Unachukua jicho moja tu la ule mwekundu, lile linalochungulia kwapani mwa jani, unalipandikiza kwenye shina la ule wa uzio. Mmoja anabeba, mwingine anachanua.

"Kama mama na mtoto mgongoni," Lidwina akasema.

"Kama wewe na mimi," Kassimu akasema. "Myao anachanua, Mngoni anabeba."

Lakini katika kumfundisha hakufanya mzaha. Alimfundisha kuchagua shina la unene wa penseli. Alimfundisha kulichana ganda kwa wembe, mkato mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, na kulifungua taratibu wakati wa mvua, utomvu unapokuwa mwingi na ganda linaachia lenyewe. Jicho unalichomeka humo pamoja na kipande chake cha ganda, kisha unafunga kwa kamba ya mgomba, juu ya jicho na chini ya jicho, jicho lenyewe ukiliacha lichungulie. Kamba ile aliichana kutoka magamba makavu ya mgomba, akailoweka kwanza kwenye maji.

"Funga, kisha sahau," alisema. "Usirudi rudi kushikashika. Funga, sahau."

Lidwina alijifunza kwa miaka saba. Kassimu alimruhusu kubebesha miwaridi yote ya bustani ile, ya njano, ya pinki, ya rangi ya chungwa, akapande kwake na akauze akitaka, na miche hiyo ndiyo ikaanza kulipa ada za watoto. Mmoja tu alimkataza.

"Ule ni wa Nasma," alisema. Nasma alikuwa mke wake. Alifariki Tunduru mwaka mmoja kabla Kassimu hajapata kazi Songea, na alipokuwa hai mwaridi ulikuwa mlangoni kwake, naye akiokota maua yaliyopukutika na kuyatia katikati ya kanga zake sandukuni. Kassimu alipoondoka alikata vijiti vitano, akavichomeka kwenye kipande kibichi cha mgomba ili visikauke, akasafiri navyo siku nne juu ya lori la korosho. Katika macho yote aliyobebesha, lilishika moja. "Ukiuza ule, mtani, utakuwa umemuuza mke wangu. Hii mingine lishia watoto."

Akastaafu mwaka 1988, macho yakiwa yameanza kuingia ukungu, akarudi kwao. Lidwina alimsindikiza hadi stendi akiwa na furushi la samaki, mbasa wakavu, na alilia hadharani bila kujali. Kassimu alimwambia anyamaze, watu watadhani Wayao wanapiga wanawake.

Kisha dunia ikageuka. Foleni zikaisha, maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa chini pale sokoni kwa marundo, na redio ikawa inasema soko huria asubuhi na jioni. Mashirika ya umma yakaanza kufungwa moja baada ya jingine. Mwaka 1993 likafika shirika la Lidwina. Waliitwa uani, wakasomewa barua, wakapunguzwa wote siku moja, na nyumba ya wageni ikafungwa kufuli ikingoja mnunuzi. Wenzake wengi walirudi nyumbani wasijue washike nini. Lidwina alirudi nyumbani akashika wembe.

Na watu walinunua! Walimu na maofisa waliotoka mikoa mingine walikuwa wanajenga, na kila aliyepiga bati alitaka ua mbele ya nyumba. Maharusi nao hawakutaka tena maua ya karatasi. Lidwina alikuwa akiwafungia wateja miche yao huku akisema kimoyomoyo, asante Mzee Kassimu, asante Mzee Kassimu. Hapo ndipo alipoanza kumtaja kwenye jumuiya.

Mwezi wa Februari mwaka 1994, barabara ya Tunduru ikiwa imefungwa na mvua, ikaja barua iliyozungukia Dar es Salaam. Iliandikwa na Zuhra, binti yake Kassimu, kwa mwandiko mzuri wa shule. Baba haoni tena kabisa, iliandika. Mwaridi wa mama uliokuwa mlangoni uliliwa na mchwa miaka mingi iliyopita. Baba anaomba, kama ule wa Mjimwema bado upo, mtani wake ambebeshee mche mmoja, mmoja tu, aupate kabla hajafa.

Lidwina aliisoma barua mara tatu. Katika miaka yote hiyo mzee yule hakuwahi kumwomba kitu, hata maji ya kunywa alijitekea mwenyewe. Mchana uleule alikwenda Mjimwema, akamsihi mlinzi ambaye walikuwa wakifahamiana, akatoka na vijiti vya kutosha macho kumi na mawili. Mashina ya uzio alikuwa nayo tayari, manene, yenye utomvu. Mvua ilikuwa inanyesha vizuri. Hakukuwa na sababu yoyote duniani ya kushindwa.

Ila kazi hii alitaka iwe nzuri kupita zote alizowahi kufanya. Huwezi, alijiambia, kumfungia mzee kama yule kwa gamba la mgomba kana kwamba bado ni miaka ya foleni. Wakati ule tulifunga kwa mgomba kwa sababu tulikuwa hatuna kitu kingine. Sasa vitu vipo. Akaenda sokoni, akanunua nailoni mpya, laini, inayong'aa, akaikata vipande vyembamba sawasawa. Alifunga macho yote kumi na mawili kwa nailoni ile, akakaza vizuri, na yalipendeza kama zawadi za harusi. Mama Biasha wa jirani alikuja kuangalia, akasifu. Lidwina akaona amepiga hatua kuliko mwalimu wake.

Halafu akafanya kama alivyofundishwa. Alifunga, akasahau.

Violeth, binti yake, alikuwa ameolewa Mpitimbi na alikuwa karibu kujifungua uzazi wa kwanza. Lidwina alikwenda kumwangalia mwezi wa Aprili. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, akapewa jina la Odilia. Mahindi nayo yakawa yamekauka shambani, mzazi bado hana nguvu, na bibi mpya hawezi kuondoka akaacha mahindi yaliwe na panya. Wiki mbili zikawa miezi miwili. Lidwina hakuwa na wasiwasi. Jioni, mjukuu mapajani, alikuwa akiihesabu miche yake kumi na miwili na kuona upi atampelekea Mzee Kassimu.

Aliporudi Matogoro mwanzoni mwa Juni hakuingia hata ndani. Alitua mzigo, akaenda moja kwa moja kwenye mashina.

Nailoni ilikuwa bado inang'aa. Haikuoza, haikulegea hata kidogo. Mashina yalikuwa yamenenepa kwa mvua zile, yakanenepa juu ya nailoni na chini ya nailoni, na pale katikati ilikuwa imezama ndani ya ganda kama pete kwenye kidole kilichovimba. Macho saba yalikuwa meusi. Matano yalikuwa yamechipua kidogo, na alipoligusa la kwanza ili akate nailoni, shina lote likakatika likabaki mkononi mwake. La pili hivyohivyo. Hakuligusa la tatu, lakini upepo wa jioni ulilimaliza, na kufikia kesho yake hapakuwa na kitu.

Ndipo alipoelewa, amekaa chini kwenye udongo, kanga imemdondoka kichwani. Mgomba haukuwa umaskini. Mgomba unakaza wiki tatu nne, jicho linaposhikana na shina, halafu unaoza wenyewe siku zilezile jicho linapotaka nafasi. Ndiyo maana mzee alisema funga, sahau. Mgomba ndio uliokuwa unakumbuka kwa niaba yake. Lidwina alilia kwa aibu. Alikuwa amemwona Kassimu fukara wakati Kassimu ni fundi, na sasa mzee kipofu alikuwa amekaa Tunduru anasubiri kitu ambacho yeye amekinyonga kwa mikono yake.

Ulibaki mti wenyewe, Mjimwema. Asubuhi alikwenda mbio.

Geti lilikuwa wazi, na mlinzi wake hakuwepo. Nyumba ilikuwa imepata mnunuzi. Vibarua walikuwa wanabomoa ukuta wa mbele ili kujenga fremu za maduka, na bustani yote ilikuwa imefyekwa na kung'olewa, imerundikwa pembeni pamoja na matawi ya michongoma ingoje kiberiti. Mwaridi wa Nasma ulikuwa juu ya rundo, mizizi ikitazama juu.

"Mama, hapa haparuhusiwi," msimamizi wa vibarua akamwambia. "Kila kilichomo humu ni mali ya bosi. Hata kuni watu wameomba, amekataa."

Bosi mwenyewe alikuwa amesimama karibu, mwanamume mnene wa makamo, kibarakashia kichwani, anahesabu matofali. Lidwina alimsikia akimjibu kibarua aliyekuwa akikoroga simiti, akaitambua lafudhi hiyo. Aliisikia kwa miaka saba.

"Bwana mkubwa," akauliza, "wewe ni Myao wa wapi?"

"Wa Tunduru," yule akasema. "Naitwa Hassani. Kwani kuna nini?"

Lidwina akageuka. Alikwenda kwenye rundo, akajikalia juu yake, akajifunga kanga kichwani kama mfiwa, akaanza kuomboleza kwa sauti iliyowafanya vibarua waache nyundo. Wayao wameniulia mtu wangu! Wamemuua wala hawakunipa taarifa! Wamemtupa juu ya miba bila sanda! Mimi mtani sitoki hapa, na moto washeni nikiwa papa hapa, mpaka nipewe maiti yangu nikazike mwenyewe!

Msimamizi alipigwa na butwaa, akadhani mama amepata wazimu. Lakini Hassani alijua. Mtani akikalia kitu msibani haondolewi kwa nguvu wala hakasirikiwi. Hiyo ndiyo haki yake, na aliyelelewa vizuri hawezi kuikataa mbele za watu. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Wangoni!" akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Zamani mlipora nafaka zetu. Leo mnapora takataka! Mpeni mama marehemu wake. Na tena mbebeeni mpaka kwake, asije akanilaani."

Lidwina alishuka, akamshika mikono yote miwili, na hapo mzaha ukamwisha. Alimwambia ukweli wote, mti ni wa nani na unakwenda kwa nani. Hassani akaugeukia ule mti juu ya rundo. Akasema laiti angejua angeuacha palepale na kuuzungushia fremu. Watu husema hivyo, lakini Lidwina alimwamini, na jina lake nalo aliwahi kulitaja kwenye jumuiya, ila mara moja tu.

Mti wenyewe ulikuwa umeng'olewa siku nne nyuma. Karibu wote ulikuwa umekauka. Yalipatikana matawi matatu yenye ubichi, na juu yake macho saba. Akayachomeka kwenye kipande cha mgomba kama Kassimu alivyofanya na vijiti vyake. Shida ikawa ganda la mashina. Juni Matogoro ni baridi na ukavu, utomvu umelala, na ganda la shina limegandamana, ukilifungua linachanika. Lidwina alichagua mashina mengine manne ya uzio. Akabeba maji kutoka kijitoni, ndoo sita asubuhi na ndoo sita jioni, akayamwagilia na kuyafunika nyasi miguuni. Goodluck, mwanawe wa mwisho, aliyekuwa mwalimu mpya na anakaa naye, alisema mama unawapikia uji wagonjwa. Lidwina akaendelea kubeba. Siku ya tisa alijaribu kwa ncha ya wembe, na ganda likaachia.

Kufikia hapo macho mazima yalikuwa manne. Aliyafunga kwa kamba ya mgomba, iliyolowekwa, juu ya jicho na chini ya jicho. Kusahau ndiko kulikomshinda. Mawili yalikauka wiki ya kwanza, la tatu likaoza. La nne lilikaa kijani. Mwezi wa Agosti kamba ilidondoka yenyewe, na jicho likavimba, likatoa kichipukizi chekundu kama ulimi wa mjukuu wake. Siku hiyo Lidwina alipiga magoti palepale kwenye matope.

Kufikia Novemba mche ulikuwa umepita goti. Ulikuwa mmoja, na huo tu.

"Mama, ngoja mwaka," Goodluck akamshauri. "Mvua zikija utoe macho humu, ubebeshe mingine mitano, ndipo umpelekee mmoja. Ukiupeleka huu ukafia njiani, umekwisha duniani kote."

Ilikuwa akili nzuri. Mche wenyewe ulikuwa bado mwembamba mno kukatwa kijiti, ukiukata unauua. Lidwina alikaa na neno hilo siku mbili. Lakini mzee yule hakuwa na mwaka wa kukopesha watu, na mvua zikianza barabara ya Tunduru itafungwa mpaka Mei. Akauhamishia kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akaufunga kitambaa chenye unyevu, akapanda basi akiwa ameukumbatia. Walilala njiani mara moja. Hakuuweka chini.

Kassimu alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya mlango wake, amepungua, kofia nyeupe kama zamani.

"Shikamoo mzee."

Aligeuza kichwa. "Zuhra, fungia kuku ndani," akasema. "Mngoni amefika."

Walicheka, wakalia, wakacheka tena. Kisha Lidwina akampa kopo mikononi. Kassimu akalipakata. Vidole vyake vilipanda kwenye majani, vikashuka kwenye miba, vikashuka mpaka kwenye goti lile karibu na udongo, vikazunguka taratibu. Kwenye mkunjo wa ganda palikuwa pamebaki uzi mmoja wa mgomba uliooza. Aliushika kati ya vidole viwili.

"Umefunga kwa mgomba," akasema.

Lidwina angeweza kuitikia tu, asifiwe, yaishe. Akamweleza yote: nailoni, uzuri wake, miche kumi na miwili, na mawazo yake kwamba mgomba ulikuwa wa shida. "Nilikudharau, mzee. Nisamehe."

"Uliniletea kilicho kizuri machoni pako," Kassimu akasema. "Hilo si dharau." Vidole vyake vilikuwa bado vinatafuta, chini kabisa, na hapo vikasimama. Kulikuwa na kichipukizi kidogo kimetokeza upande wa shina la uzio, kidogo hata Lidwina mwenye macho hakukiona. Kassimu alikikata kwa ukucha. "Lakini hiki ni uvivu. Aliyebeba asiachwe akajizalia wake, atamnyima wa mgongoni. Nilikufundisha."

"Ulinifundisha, mzee," Lidwina akasema, na alijisikia mwepesi kama msichana. Alikuwa bado na mwalimu.

Alidhani mche utapelekwa kaburini kwa Nasma, hata jembe alikwisha kulishika. Kassimu akakataa. "Nasma harufu yake anaijua," alisema. "Mimi ndiye nisiyeona kama kumekucha. Upande hapa mlangoni, nilipo mimi." Wakaupanda hapo, wakauwekea majivu kwa ajili ya mchwa.

Siku ya kuaga, Kassimu aliuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Na ule wa Mjimwema, haujambo? Kwako umebakiza mingapi?"

Lidwina alifungua kinywa, akakifunga. Akamwomba Zuhra maji ya kunywa. Kassimu hakuuliza tena.

Alirudi Songea mikono mitupu, na moyo haukumsumbua, ila kila alipopita karibu na yale mashina ya uzio aliyoendelea kuyamwagilia bila sababu. Mwaka ukaingia mwingine, mvua zikaja zikaenda. Mwezi wa Juni barabara ilipofunguka, utingo wa basi la Tunduru alisimama kwenye njia ya Matogoro akiuliza nyumba ya mama wa mawaridi. Alikuwa amebeba kipande kibichi cha mgomba, kirefu kama mkono, kimefungwa kwa kamba ya mgomba pande zote mbili. Lidwina alikifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na vijiti vitano vyekundu vyenye miba, na karatasi yenye mwandiko wa Zuhra.

Baba hajambo, iliandika. Tangu Mfungo Mosi anaamshwa na harufu, anatangulia msikitini kabla ya mwadhini. Anasema nikuandikie hivi kama alivyotamka: Mtani wangu, macho sina lakini masikio ninayo. Uliponyamaza nilisikia. Sasa na mimi nimekupa wa kwako, na huu uuze, Nasma amekubali. Nailoni fungia chumvi.

Lidwina aliisoma hapohapo njiani, utingo akiwa amesimama. Alilia bila kujificha, akamshukuru utingo, akamshukuru dereva ambaye hakumwona, akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kuchana kamba za mgomba na kuziloweka, kwa sababu vijiti vilikuwa vimesafiri siku mbili na mashina yalikuwa na maji.